Maswali ya Wasomaji: Vigasha na Nguvu ya Mshiko

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja: kigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo, na nguvu ya mshiko. Tumezifupisha barua, lakini majibu tumeyaacha marefu pale yanapohitaji urefu.

Shikamooni walimu. Nina miaka 21. Ni mwezi wa sita sasa nabana kibanio cha springi mara mia kila mkono, asubuhi na jioni, bila kukosa siku. Mkono haujanenepa hata kidogo. Nakosea wapi? (Msomaji, Mbeya)

Marahaba kijana wetu. Bidii unayo, tatizo liko kwenye mzigo. Kitu unachoweza kukibana mara mia mfululizo ni chepesi kwako. Kinaupa msuli ustahimilivu, lakini hakiulazimishi unenepe. Unene unatafutwa kwa mzigo unaokuchosha kati ya mara 8 na 20, kiasi kwamba ukimaliza seti, yaani mfululizo mmoja bila kupumzika, umebakiza nguvu za mara moja au mbili tu.

Tatizo la pili ni kwamba kibanio kinagusa upande mmoja wa kigasha. Laza mkono mezani, kiganja juu, kisha kunja vidole kimoja kimoja. Utaona misuli ikichezacheza chini ya ngozi upande wa ndani, karibu na kiwiko. Hiyo ndiyo inayokunja vidole, kwa kuvuta kano zinazopita kwenye kifundo kama waya za breki za baiskeli. Sasa geuza mkono gumba litazame juu, ingiza ngumi chini ya ukingo wa meza, ujaribu kuinyanyua meza. Msuli unaotuna upande wa gumba, unaoanzia juu kidogo ya kiwiko, ndio unaompa mtu ule unene unaoonekana kwa mbali. Msuli huo haukunji kidole hata kimoja. Kazi yake ni kukunja kiwiko. Ungebana springi miaka kumi usingeufikia.

Fanya hivi mara mbili kwa wiki, tuseme Jumanne na Ijumaa, mwisho wa mazoezi yako ya kawaida. Ukianza nayo, mikono itachoka kabla ya mgongo na utashindwa kujivuta kwenye chuma.

Anza na kukunja mkono kiganja kikitazama chini, seti 3 za mara 10. Zoezi hili ndilo la msuli wa upande wa gumba, na ukishika dambeli kama unavyoshika nyundo, gumba juu, utaufikia pia. Kisha keti, laza kigasha juu ya paja, kifundo kining'inie mbele ya goti, kiganja juu. Acha dambeli iteremke hadi kwenye vidole, irudishe kiganjani, malizia kwa kukunja kifundo. Seti 3 za mara 12 hadi 15, ukipumzika sekunde 60 hadi 90. Geuza mkono, kiganja chini, chukua karibu nusu ya uzito ule, seti 3 za mara 15 hadi 20. Malizia kwa kuning'inia kwenye chuma mara 3, kila mara hadi kabla tu vidole havijafunguka. Ukiweza kuning'inia zaidi ya dakika moja, jifunge uzito kiunoni au tumia chuma kinene zaidi.

Ukifikisha idadi ya juu katika seti zote bila kutikisa mwili, ongeza kilo 1 au 2, si zaidi. Kano hupata damu kidogo kuliko msuli, kwa hiyo msuli unapata nguvu ndani ya wiki chache wakati kano bado inajipanga kwa miezi. Wengi wanaoumia viwiko huumia wakati ambao wanajiona wamepamba moto.

Upimaji nao una kanuni zake. Pima asubuhi kabla ya mazoezi, mkono umenyooka, ngumi imefungwa kidogo, utepe ukizunguka sehemu nene kuliko zote. Pima mara moja kila wiki nne. Ukipima baada ya mazoezi unapima damu iliyojaa kwenye misuli, na kesho utavunjika moyo bure. Sentimita moja kwa miezi minne hadi sita sisi tunaihesabu kuwa ukuaji mzuri. Usijilinganishe na mwenzako ambaye msuli wake unateremka hadi karibu na kifundo. Wako ukiishia katikati na kuacha kano ndefu, hivyo ndivyo ulivyozaliwa. Nguvu utapata, umbo litabaki lako.

Ndugu waandishi, huku Kasulu niliko hakuna jimu. Nina madumu, ndoo, mipini ya jembe na mwembe nyuma ya nyumba. Vinatosha? (Msomaji, Kigoma)

Vinatosha kabisa, na kwa mshiko huenda vikawa bora kuliko mashine nyingi za mjini.

Dumu la lita 20 likijaa maji lina kilo 20 za maji, huhitaji mizani. Shika mawili, simama wima, mabega yasivutwe mbele, tembea hatua 40. Tua, pumzika dakika moja na nusu, rudia mara nne. Hatua 40 zikiwa rahisi, tumia mchanga mkavu badala ya maji: dumu lile lile litafika kilo 30 na ushee. Hapo ukague kipini kila siku. Plastiki ikianza kuonyesha mstari mweupe pale kipini kinapoungana na dumu, huo ni ufa unaozaliwa; litoe kazini kabla halijakuangukia mguuni. Siku nyingine zungushia kipini kitambaa hadi kiwe kinene kama sentimita 5, na upunguze uzito. Kitu kinene kinazuia vidole kukutana na gumba, na gumba lako litajua kwamba siku zote lilikuwa likitegea.

Mpini wa jembe ukate sentimita 40, toboa tundu katikati, pitisha kamba ya katani yenye urefu wa mita moja, ufunge dumu la lita 3 lenye mchanga. Shika pande zote mbili, viganja chini, viwiko vikigusa mbavu, ukunje kamba kwenye mpini hadi dumu lifike juu. Watu wengi hunyoosha mikono mbele, na matokeo yake mabega huchoka kabla ya vigasha. Ukizungusha kwa kuinua migongo ya viganja kuelekea kwako, unafanyisha kazi misuli ya upande wa juu. Ukizungusha kinyume, unafanyisha ya upande wa ndani. Safari tatu kila upande. Na kuteremsha ni nusu ya zoezi: fungua kamba taratibu, usiliachie dumu lishuke lenyewe.

Mwembe utumie kwa taulo. Chagua tawi bichi, nene kuliko mkono wako, lililo chini kiasi kwamba nyayo zako ziko karibu na ardhi. Pitisha taulo nene juu yake, shika ncha mbili, ning'inia sekunde 15 hadi 20, mara nne. Taulo haina umbo, kwa hiyo kila kidole kinabana kivyake.

Kwa mshiko wa kufinya, ule wa vidole na gumba bila kiganja, tofali la kuchoma linatosha. Lifinye kutoka juu kwa upana wake, liinue, shikilia sekunde 15 kila mkono, mara nne. Miguu isiwe chini yake. Likizidi kuwa jepesi, lifunge kamba na kuning'iniza kopo la mchanga.

Ndoo nayo ijaze mchanga uliochekechwa, mkavu, nusu tu. Zamisha mkono hadi kifundo, kisha fungua vidole kwa nguvu ndani yake, ufunge, uzungushe, sekunde 45 kila mkono. Wengine hutumia mchele. Mchele ni chakula, mchanga unafanya kazi ile ile. Kama una kidonda au ukucha uliovunjika, ruka zoezi hili mpaka upone.

Habari zenu. Mimi ni msichana, nafanya dedilifti, yaani kunyanyua chuma kutoka sakafuni hadi kusimama wima. Nikifika kilo 80 mgongo na miguu bado vina nguvu, lakini chuma kinatoka mkononi. Wenzangu wananiambia nivae mikanda ya kushikia, ile inayofunga mkono kwenye chuma. Nivae? (Msomaji, Nairobi)

Bado, dada. Kwanza tuangalie chuma kinakaa wapi mkononi. Wengi hukiweka katikati ya kiganja. Kikipanda, uzito unakivuta chini, ngozi inajikunja, na chuma kinateremka hadi kwenye vidole huku umeshaanza kunyanyua. Kiweke tangu mwanzo kwenye mstari unaotenganisha kiganja na vidole, funga vidole, kisha gumba lipande juu ya kidole cha shahada na cha kati. Badiliko hilo peke yake linaweza kukupa wiki kadhaa za maendeleo.

Pili, chuma chenyewe. Chuma rasmi cha wanawake cha kunyanyulia kina unene wa milimita 25 na uzito wa kilo 15. Cha wanaume ni milimita 28 na kilo 20. Jimu nyingi za mtaani hutumia bomba lililochomelewa, nene kuliko hivyo, na halina ile michoro ya kukwaruza inayoshika ngozi. Kama ndilo unalotumia, nguvu za mkono wako si mbaya kama unavyodhani. Futa jasho, na kama jimu inaruhusu tumia chaki ya magnesiamu kabonati. Chaki ya ubaoni ni kitu kingine, inaacha unga unaoteleza.

Tatu, jenga mshiko ndani ya dedilifti yenyewe. Seti za kupasha mwili na zile za uzito wa kati zote zifanye viganja vyote viwili vikikutazama. Katika seti ya mwisho, mara ya mwisho, usishushe haraka: simama nacho sekunde 10. Kila wiki ongeza sekunde 2 hadi ufike 20, kisha ongeza kilo 2.5 na urudi sekunde 10.

Kwa seti nzito kuliko zote una njia mbili. Ya kwanza ni kulificha gumba chini ya vidole, ukilibana kati ya chuma na vidole viwili vya mwanzo. Inauma kwa wiki tatu za mwanzo, halafu gumba linazoea, na ni salama kwa kiwiko. Ya pili ni kiganja kimoja kukutazama na kingine kutazama mbele. Inashika sana, ila mkono unaotazama mbele ukikunjwa kiwiko hata kidogo wakati wa kunyanyua, kano ya msuli wa mbele wa mkono inaweza kuchanika. Nyoosha kiwiko kama kamba na ubadilishe mikono kila seti.

Mikanda ina kazi yake siku ambayo unataka kuuchosha mgongo kwa seti nyingi na mikono imeshamaliza sehemu yake. Ukiivaa kuanzia kilo 40, utafika kilo 120 ukiwa na mikono ya kilo 70.

Mimi ni mama ntilie. Nasonga ugali wa watu wengi kila siku. Kiwiko cha kulia kinauma upande wa nje, hata kuinua sufuria au kukamua nguo ni shida. Mwanangu akaninunulia kibanio cha kuongeza nguvu, maumivu yakazidi. (Msomaji, Tanga)

Pole sana mama. Kiweke kibanio pembeni kwa sasa. Maumivu ya upande wa nje wa kiwiko, yanayozidi unapokamua au kuinua kitu kiganja kikiwa chini, kwa kawaida hutoka kwenye kano za misuli inayoinua kifundo. Huenda ukashangaa misuli ya kuinua kifundo inahusianaje na kubana. Kunja kifundo chako chini kabisa, kisha jaribu kufumba ngumi kwa nguvu. Haifumbiki. Ili vidole vibane, ni lazima misuli ya upande wa juu ikishike kifundo kisianguke. Kila ulipobana springi, kano iliyokwisha kuchoka na mwiko ilibana pamoja nawe.

Anza na jikoni, kwa sababu dawa yoyote itashindwa kama chanzo kinaendelea kila siku. Mpini mwembamba wa mwiko unakulazimisha ubane zaidi. Uzungushie kitambaa au mpira wa baiskeli hadi uwe mnene kiasi cha kuujaza mkono. Sufuria iwe chini ya usawa wa kiuno, ili usonge kwa uzito wa mwili, kifundo kikiwa kimenyooka. Shika kwa mikono miwili pale ugali unapoanza kukaza. Sufuria ziinue viganja vikitazama juu, na nguo nzito zikamue kwa kuzisokota kwenye bomba badala ya kusokota kwa mikono miwili.

Kisha zoezi. Laza kigasha mezani, kifundo kipite ukingo, kiganja chini, ushike chupa ya maji ya nusu lita. Iinue kwa msaada wa mkono wa pili, kisha uishushe kwa mkono unaouma peke yake, taratibu, ukihesabu moja hadi tano. Mara 15, seti 3, kila siku. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanakubalika, mradi kesho yake asubuhi yasiwe yamezidi. Yakizidi, punguza maji kwenye chupa. Ikiwa rahisi, chukua chupa ya lita moja. Tarajia wiki 6 hadi 12. Ni muda mrefu, tunajua, na biashara haisubiri. Lakini wanaoacha wiki ya tatu kwa sababu wamepata nafuu ndio wanaorudiwa.

Nenda hospitali usisubiri zoezi kama ulianguka kabla ya maumivu kuanza, kiwiko kimevimba, vidole vinakufa ganzi, au unaangusha vitu. Ganzi ya gumba, kidole cha shahada na cha kati, hasa ile inayokuamsha usiku, ni tatizo la mshipa wa fahamu kwenye kifundo na lina matibabu yake tofauti.

Niko Muscat kikazi. Nimenunua kibanio cha Captains of Crush namba 2, hakifungiki hata nusu. Nifanyeje? (Msomaji, Oman)

Umerukia ngazi ya juu, kaka. Kwa vipimo vya watengenezaji wenyewe, IronMind wa Marekani, kile cha mafunzo kiitwacho Trainer ni ratili 100, namba 1 ni 140, namba 2 ni 195, namba 3 ni 280 na namba 4 ni 365. Kwa kilo, kutoka namba 1 hadi namba 2 ni nyongeza ya kilo 25 hivi kwa mruko mmoja. Kuhusu zile za juu, mtu wa kwanza kutambuliwa kufunga namba 3 alikuwa Richard Sorin mwaka 1991, na namba 4 ilifungwa na Joe Kinney mwaka 1998.

Tafuta Trainer au namba 1, ile unayoweza kuifunga mara 3 hadi 5. Mpini mmoja ukae kwenye nyama ya chini ya gumba, si katikati ya kiganja, na kidole cha mwisho kisibaki nje. Fanya seti 5 za mara 3 hadi 5, ukipumzika dakika 2, siku mbili kwa wiki. Mara moja kwa wiki chukua namba 2, ifunge kwa mikono miwili, ondoa mmoja na upigane nayo isifunguke kwa sekunde 5. Rudia mara 4 tu kila mkono. Baada ya kila siku ya kubana, vaa rababendi tatu au nne kwenye vidole vyote vitano uvifungue vidole mara 25, seti 2, ili upande wa pili usibaki nyuma.

Baba yangu ana miaka 63 na presha, anatumia dawa. Amesikia kwamba mshiko dhaifu ni dalili ya kufa mapema, na sasa anabana mpira mchana kutwa. Ni kweli? (Msomaji, Morogoro)

Mpe baba shikamoo zetu. Alichosikia kina chanzo: utafiti uliotolewa mwaka 2015 katika jarida la The Lancet, uliofuatilia watu karibu 140,000 katika nchi 17, Zimbabwe na Afrika Kusini zikiwemo. Uligundua kwamba kila pungufu la kilo 5 za mshiko liliendana na ongezeko la asilimia 16 la hatari ya kifo. Lakini mshiko hapo ni kama kipimajoto: unaonyesha hali ya mwili mzima, misuli ya miguu, lishe, maradhi. Kubana mpira peke yake hakubadilishi yote hayo. Kutembea, kuinuka kwenye kiti bila kujishika mara 10, na kula maharage, dagaa na mayai vitamsaidia zaidi.

Kubana kwa utaratibu, hata hivyo, kumeonekana kuteremsha presha kwa baadhi ya watu. Utaratibu unaotumika ni kubana kwa asilimia 30 tu ya nguvu zake zote, dakika 2, kupumzika dakika 2, mara 4, siku 3 kwa wiki. Taulo iliyokunjwa inatosha. Awe anaweza kuongea wakati anabana. Akizuia pumzi presha inapanda ghafla, na hilo ndilo kosa la hatari. Amweleze daktari wake kabla ya kuanza, asipunguze dawa kwa uamuzi wake, na siku ambayo kipimo kinasoma 180 kwa 110 au zaidi asibane chochote, aende hospitali.

Sugu zangu zinapasuka na kutoa damu. Nivae glavu? (Msomaji, Arusha)

Glavu zinaongeza unene wa chuma na mara nyingi ngozi bado inajikunja ndani yake. Sugu hupasuka ikiwa imeinuka kuliko ngozi ya jirani. Baada ya kuoga, ngozi ikiwa laini, isugue kwa jiwe la kusugulia miguu hadi iwe sawa na ngozi iliyoizunguka, usiimalize yote. Mara mbili kwa wiki, kisha mafuta kidogo usiku. Ikishapasuka, kata kipande kilicholegea kwa mkasi safi, osha kwa sabuni, funika, na upumzike kuning'inia siku nne au tano. Kukunja kifundo kwa dambeli nyepesi unaweza kuendelea.